Bolti saba zilizokataa Zimmerman

Bolti ya kwanza iliingia bila maneno, ya pili pia, ya tatu ikaenda hadi nusu halafu ikagonga mbao na kukataa. Tulikuwa gorofa ya tano huko Zimmerman, Nairobi, saa kumi na mbili na nusu jioni, mimi na mpwa wangu, vipande vya dabo deka, kile kitanda cha juu na chini, vimejaa sebule nzima, na watoto wawili wenye kitanda wamekaa kwa sofa washaoga washavaa za kulala wanatuangalia tu. Kufika saa mbili usiku bolti tisa zilikuwa zimeingia na saba zimekataa katakata, na mama mwenye nyumba akaniuliza kwa upole, ule upole unaouma kuliko matusi, "Fundi, kwani hamkuijaribu kule kwenu?"

Tulijaribu kona moja. Ikaingia, tukasema basi zote ziko sawa, tukapakia pikap. Hilo ni kosa langu na sina haja ya kulipamba. Na pale pale sebuleni ningeweza kufanya venye wengi wetu hufanya, utoe biti kubwa upanue tundu mpaka bolti iingie, kitanda kisimame, upewe balansi yako uende. Shida ni kwamba watoto wawili wakishaanza kuruka juu ya bolti inayocheza kwa tundu pana, baada ya miezi miwili unapigiwa simu kitanda kinalia. Nikamwomba mama siku nne, watoto wakalazwa kwa godoro chini, sisi tukashusha mbao na zile ncha mbili za kitanda gorofa tano gizani.

Wacha nieleze kitanda chenyewe ndio shida ionekane. Flati nyingi za huku ngazi ni nyembamba na zina kona kali, dabo deka iliyoshikanishwa yote haipandi, hata ukiisimamisha inakwama kwa dari. Kwa hivyo tunatengeneza ncha mbili, ya kichwani na ya miguuni, kila moja imepigwa gundi ikawa kama lango, halafu mbao nne ndefu za pembeni ndizo zinafungwa na bolti mkishafika ndani. Mbao nne, kila mbao vichwa viwili, yaani miisho yake, kila kichwa bolti mbili, jumla 16. Miguu ni mbao ya saipras ya inchi 3 kwa 3, ikishapita kwa randa inabaki kama milimita 70. Mbao za pembeni ni 6 kwa 2, unene unabaki 45 hivi. Bolti ni ya milimita 8, urefu 150, inapita mguu wote, inaingia kwa kichwa cha ubao wa pembeni, na huko ndani, milimita 60 kutoka mwisho, inakutana na nati ya pipa. Kama hujawahi kuiona hiyo nati, ni kachuma ka mviringo kama kale kachaki kanachobaki mwisho wa somo, kana tundu la thredi katikati, unakaingiza kupitia uso wa ndani wa ubao na bolti inakuja kukatafuta gizani.

Sasa piga hesabu. Ukitoboa mguu wa milimita 70 na drili imeinama digrii moja tu, biti inatokea upande wa pili imekosa alama kwa milimita 1.2. Ubao nao ukiutoboa umeinama digrii moja, kufika kwa nati umekosa na milimita moja ingine. Makosa yote mawili yakielekea upande mmoja ni milimita 2.3. Na sisi tulitoboa tundu za 9 kwa bolti ya 8, yaani bolti ina nusu milimita ya kucheza kila upande, basi. Watu husema fundi mzuri ana jicho, sawa, jicho ninalo, lakini jicho linaona uso wa mbao. Digrii moja kwa biti inayozunguka hakuna mtu anaiona, na kama kuna anayeiona aje tumpe kazi.

Asubuhi nikatafuta raundi baa, kile chuma cha mviringo, ya 8 iliyonyooka, nikaikata vipande, nikavizungushia selotepu visicheze, nikaviingiza kwa kila tundu mpaka mbao zikawa na miiba kama nungunungu. Halafu nikapitisha sikwea, kile kipimo cha kona ya digrii 90, mwiba mmoja baada ya mwingine, kutoka juu na kutoka pembeni. Tundu za mbao za pembeni, ambazo mpwa wangu ndiye alitoboa, zilikuwa mbaya. Nikaanza kumhubiria hapo hapo, ati si nilikwambia usiegemee drili, si nilikwambia usikimbizane na kazi, yeye akanyamaza mpaka nikamaliza, kisha akauliza bila kuinua macho, "Anko, na hizi za miguu nani alitoboa?"

Mimi. Nyingi zilikuwa chini ya digrii moja lakini mbili zilifika moja na nusu. Kwa zile bolti saba zilizokataa, tano zilikuwa zimefika hadi ndani zikakosa nati, hizo za kijana, na mbili hazikufika hata huko, zilikwama mlangoni kwa ubao kwa sababu zilitoka kwa mguu zimeshakosa tundu. Hizo zangu, ikiwemo ile ya tatu iliyotuharibia jioni. Hotuba ikaisha.

Lakini kulikuwa na kitu kilikataa kueleweka. Kati ya zile tisa zilizoingia vizuri, kadhaa zilikuwa kwa tundu zilizopinda karibu digrii mbili, na kuna zilizokataa ambazo tundu zao zimepinda moja na nusu tu. Iliyopinda zaidi inaingia, iliyopinda kidogo inakataa, sasa hiyo ni hesabu gani? Nilikaa na hicho kitendawili na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa, mwishowe nikachukua nati ya pipa yenyewe nikaiangalia inavyokaa. Imelala ndani ya ubao, kutoka uso wa ndani kuelekea wa nje. Kwa hilo tundu lake inaweza kuteleza mbele na nyuma, na inaweza kujizungusha. Kwa hivyo bolti ikija imeenda kushoto au kulia, unaisukuma nati na bisbisi na inaifuata bolti mahali ilipo. Bolti ikija juu au chini, nati haina pa kwenda, itazunguka tu pale pale huku bolti inaipita. Nikarudi kwa ile miiba na sikwea, na kweli, zote zilizopinda na kuingia zilipinda pembeni, zote tano zilizokosa nati zilipinda juu au chini.

Na hapo ndio nikakumbuka venye kijana alikuwa amesimama. Alibana ubao ukiwa umesimama kwa ukingo, yaani venye utakaa kwa kitanda, akasimama mwisho wake drili ikiwa usawa wa tumbo akitoboa kwa ulalo. Ukisimama hivyo kichwa chako kiko juu ya drili. Kushoto na kulia unaona poa kabisa, juu na chini huoni kitu, unaangalia tu mgongo wa drili. Yaani upande asiouona ndio ule ule nati haisamehe. Angeulaza tu huo ubao ubapa mezani, upande anaouona ungekuwa ndio wenye maana, na ule asiouona nati ingemalizana nao. Hakuna kifaa cha kununua hapo, ni kugeuza ubao, na miaka yote hiyo natengeneza dabo deka sikuwa nimewahi kufikiria.

Ningeachia hapo lakini zile mbili zangu zilinikera, kwa hivyo tukakusanya vipande vya saipras vilivyobaki tukaanza kujaribu vitu vya kunyoosha drili kimoja kimoja, tundu tano kila kimoja, na kupima kwa ile raundi baa.

Tulianza na ya bure. CD ya zamani, yetu ilikuwa ya mahubiri na kijana alisita kidogo kabla ya kuiweka kwa meza. Tundu la katikati la CD ni milimita 15, biti ya 9 inapita bila kugusa. Unailaza kwa mbao upande unaong'aa ukiwa juu, unaweka ncha ya biti kwa alama, halafu unaangalia biti na picha yake ndani ya CD. Zikiwa mstari mmoja umesimama wima, zikivunjika kama kiwiko umeinama. Uzuri ni kwamba kioo kinakuza kosa mara mbili, ukiinama digrii moja kiwiko kinaonekana cha digrii mbili, kwa hivyo hata mtu wa macho ya kawaida anaona. Lakini lazima uangalie kutoka pande mbili, mbele na ubavuni, ukiangalia upande mmoja tu umejidanganya nusu. Tulipata tundu nne kwa tano chini ya digrii moja. Ubaya wake ni vumbi, ikishatoka mizunguko kadhaa kioo kimefunikwa, na biti ikigusa CD inairusha. Hata hivyo mwanzo ndio wenye neno, biti ikishazama kama milimita 20 tundu lenyewe ndilo linaongoza, huwezi kunyoosha ukiwa katikati, ukijaribu unapinda biti au unaivunja, na sisi tulivunja moja kwa ubishi wangu.

Kwa kutoboa kwa ulalo kuna ile ya washa, kale kachuma bapa ka mviringo kenye tundu, sijui nani aliianzisha ila wazee wengi wanaijua. Unavalisha washa pana kwa biti kabla ya kufunga, unahakikisha mbao imelala sawa kwa pima maji, unaanza kutoboa pole pole. Drili ikiinamia mbao washa inatembea kwenda mbele, ikiinuka washa inakurudia. Ikitulia katikati uko sawa. Inakuonyesha juu na chini peke yake, upande ule ule usiouona ukiwa umesimama nyuma ya drili, kwa hivyo mimi nimeipenda. Sharti moja, washa ikae kwa shingo laini ya biti, ikiingia kwa ile mitaro ya biti inachukuliwa nayo na haikwambii ukweli tena.

Drili yetu ina kipovu cha maji mgongoni, ambacho nilikuwa nakiamini. Tulifunga raundi baa mdomoni mwa drili, tukaweka pima maji ya ukweli juu ya hiyo raundi baa, tukalinganisha. Kipovu cha mgongoni kilikuwa kinadanganya karibu digrii moja. Nimekifunika na selotepu.

Siku ya pili nikashuka mjini, Kirinyaga Road, ile wenyewe bado tunaita Grogan, kutafuta kile kistendi cha nguzo mbili. Ni sahani ya chini, nguzo mbili za chuma, na kichwa kinachoteleza juu chini kikiwa na mdomo wake wa kushika biti na mkia wa kufunga kwa drili yako. Muuzaji anakiita drili gaidi, mimi hilo jina siwezi kulitamka kwa sauti ndani ya matatu, nitasema kistendi. Nilikuwa nimebeba sikwea kwa begi, nikakisimamisha kwa kaunta, nikafunga raundi baa, nikatikisa kichwa chake. Cha kwanza ncha ilicheza karibu milimita mbili, cha pili hivyo hivyo, muuzaji akaanza kuniangalia vibaya, cha tatu ndio kilikuwa nafuu, kama milimita moja. Chanzo ni zile bushi, vile vipete vinavyoteleza kwa nguzo, ni fupi, na kitu kifupi kikiwa na nafasi kidogo tu kinainama sana. Nilikinunua, elfu tatu kasoro, na sisemi ni kibaya. Kwa uso mpana kama meza au mlango kinafanya kazi safi mradi usukume katikati na usikilalie upande mmoja, na chini kina mtaro wa kukalia paipu, kwa paipu hakuna kitu kitakishinda. Lakini kwa kichwa cha ubao wa milimita 45 hiyo sahani haina pa kukaa, nusu iko hewani, unarudi kwa kubahatisha. Kwa hii kazi hakikunifaa.

Kilichotutoa ni kipande cha mkaratusi mkavu, unene milimita 50. Nilikipeleka Kariobangi Light Industries kwa mzee mmoja mwenye drili ya kusimama na lethi, ile mashine ya kuchongea chuma, wazo langu lilikuwa anitobolee tundu moja wima la 9 nirudi nyumbani, hiyo ndio bloku, unaibana kwa alama na biti inapita ndani yake haina njia ya kuinama. Mzee akaigeuza geuza mkononi akaniuliza, "Kijana, mashine inatoboa wima, lakini meza yake umeiuliza?" Akatoa sikwea yake, akaiweka kati ya meza na biti, akalegeza bolti ya chini ya meza akaigonga kidogo na kiganja, akapima tena, ndio akatoboa. Kisha akaniambia mbao peke yake haitakaa, biti inakula kuta za tundu kila inapopita, baada ya tundu ishirini hivi imepanuka na hujui. Akachonga bushi ya chuma kwa lethi, tundu la ndani 9.2, akaisukuma ndani ya bloku kwa vaisi. Mia tano yote pamoja, na ushauri wa meza juu.

Hiyo 9.2 na ile 50 ndio siri yenyewe. Biti ya 9 kwa tundu la 9.2 ina nafasi ya milimita 0.2, na ikiwa ukuta wa kuiongoza una urefu wa 50, hiyo nafasi inaruhusu kuinama kama robo digrii tu, kwa milimita zote 130 za mguu na ubao unakosa nusu milimita. Ukuta ungekuwa wa milimita 20, nafasi ile ile ingekupa zaidi ya nusu digrii, na kosa linakuwa milimita 1.3. Kwa hivyo ukiona zile bloku ndogo za chuma zenye tundu nyingi za saizi tofauti, kabla ya kuangalia bei angalia unene. Ila urefu nao unalipiwa. Biti ya kawaida ya 9 ina urefu wa milimita 125, toa ya kushikwa na drili, toa 50 za bloku, unabaki na kama 50 za kutoboa. Tunaanza na bloku, tukifika kama 45 tunaitoa, tundu linaongoza lenyewe hadi mwisho, kwa mbao za pembeni tunabadilisha tunaweka biti ndefu. Na bloku inabanwa na klampu, haishikwi na mkono, biti ikishika bloku inaizungusha na vidole vyako viko hapo.

Kwa vipande vya kujaribia bloku ilitupa tundu tano kwa tano chini ya nusu digrii. Tukafurahi sana. Tukachukua mguu wa ukweli, tukaziba tundu mbaya, nikabana bloku kwa uso wa nje kwa sababu ndiko kichwa cha bolti kinakaa, nikatoboa kwa raha zangu, nikapima. Digrii moja na robo.

Nilifikiri bushi imelegea. Haikuwa imelegea. Nikapima tundu la bloku tena, liko wima. Mpwa wangu ndiye alichukua kalipa akapima mguu wenyewe, ukingo huu 70, ukingo wa pili 68.5. Mguu haukuwa na nyuso sambamba. Kisha nikakumbuka, kabla ya vanishi niliupitisha uso wa nje na randa ya stima ya mkono kutoa mistari iliyoachwa na mashine, nikalalia upande mmoja, na milimita moja na nusu zikaenda. Jicho haliioni hiyo, msasa na vanishi vinaificha kabisa. Bloku ilikuwa imefanya kazi yake bila kosa, ilisimama wima kabisa juu ya uso uliolala upande. Zile zangu mbili za mwanzo naona nazo zilikuwa hivyo hivyo, mkono wangu ulikuwa unafuata mbao iliyopotoka.

Hapo ndio kisa chote kikageuka kwangu, kwa sababu nilikuwa nimetumia siku mbili nikitafuta kifaa kilichonyooka na sikuwa nimeuliza kinanyooka na nini. Bloku, kistendi, CD, vyote havijui kitanda kitakaa vipi, vinajua tu uso vilioegemea. Tukaenda kwa mbao za pembeni tukaweka sikwea kwa vichwa vyake, vilikatwa na msumeno wa stima wa kushikwa mkono bila kiegemezo, vitatu kati ya vinane vilikuwa nje. Ukibana bloku kwa kichwa kama hicho itatoboa wima kwa kichwa, siyo sambamba na ubao, na ni ubao ndio unaenda kwa mguu wa pili wa kitanda.

Tulirekebisha mambo mawili. Mguu sasa tunatoboa kutoka uso wa ndani, ule unaogusana na ubao, siyo kutoka nje. Alama ya mguu na alama ya ubao zinakutana pale pale bila kosa, na kama kuna kuinama kidogo kunatokea upande wa nje, na huko nje kuna washa ya upana wa milimita 16 inaficha dhambi zote. Na kwa sababu hiyo washa ipo, mguu tukishautoboa na 9 tunaupanua hadi 10, bolti inapata milimita moja ya kupumua na haionekani. Kwa ubao, tulipigilia bloku kipande cha mbao iliyonyooka cha urefu wa futi moja ubavuni ikawa kama herufi L, hicho kipande ndicho kinalala kwa uso mpana wa ubao na kubanwa, kichwa kikatwe kikatike hovyo, tundu linafuata ubao. Vile vichwa vitatu tulivikata upya hata hivyo, maana bolti ingeingia lakini kiungo kingeacha mwanya.

Tundu mbovu tuliziba na doweli, vile vijiti vya mviringo, na gundi, tukaacha usiku mzima, asubuhi tukasawazisha na patasi. Hii kazi ya kutoboa tena kando ya doweli usijaribu na mkono mtupu, doweli ni ngumu kuliko saipras, biti inateleza kwenda kwa mbao laini na tundu linahama alama yake. Kwa bloku haikuteleza hata moja.

Safari hii tulifunga kitanda chote kwetu, bolti zote 16, tukafungua, tukafunga tena, nikapiga picha na simu. Zimmerman tulimaliza kwa dakika kama arobaini, nyingi za kupanda ngazi. Bolti 15 zilianza kwa vidole bila spana, moja ilitaka nati igeuzwe kidogo na bisbisi ndio thredi zikaonana. Mama alikuwa amesimama mlangoni mikono imekunjwa. Nilipoanza kumweleza habari ya uso wa nje na uso wa ndani akaniambia, "Fundi, wewe niambie tu, kule kwenu mmeijaribu?" Nikamwonyesha picha. Akazivuta kubwa kwa vidole, akahesabu kona.

Bloku niliitundika kwa msumari karibu na mlango wa karakana, na wiki iliyofuata jirani anayetengeneza stuli akaiazima nikiwa sipo, akairudisha vizuri na asante juu. Nilipoijaribu biti ikacheza kama kijiko kwa kikombe. Alikuwa ameipitisha biti ya 10, na bushi ya mzee ni chuma laini, ilikubali tu. Sasa hiyo ndio bloku yetu ya miguu, kwa ya 9 ilibidi nirudi Kariobangi na kipande kingine cha mkaratusi na mia tano nyingine. Mzee akachonga bushi mpya bila kuuliza, akaichukua ile bloku kabla sijaiweka kwa begi, akatafuta maka pen kwa mfuko wa ovaroli na kuandika 9 kubwa pande zote nne.